Ajuza wa Kegi ya Zamu

Sista alipoisugua ile kegi mpaka akaona meno yake mwenyewe yakimcheka kutoka ndani, alijua amefanya kazi ya maana. Hakujua kwamba ameua.

Lakini tuanze na kegi yenyewe. Ilikuwa kegi ya bia ya kiwandani, ya chuma kisichoshika kutu, lita hamsini, na tumbo kama la mkwe aliyepokelewa vizuri. Fundi Cheche, mchomeleaji wa mtaa wa nyuma, aliipata kwenye mnada wa vyuma chakavu wa kiwanda cha bia. Karatasi ya mnada ilitiwa kwenye fremu ikatundikwa ukutani, maana Mwenyekiti hakutaka kusikia hata siku moja kwamba kwenye chama chake cha wapika pombe kuna mali ya wizi. Kabla ya kuikata Fundi aliitoa pumzi kwanza, akabonyeza vali kwa bisibisi mpaka ikanyamaza yenyewe, kwa sababu kegi ikikatwa na gesi yake ndani, fundi hapati nafasi ya kujifunza kutokana na makosa. Akang'oa mrija wa katikati, akatoboa juu tundu la kupita mkono mpaka begani, akatengeneza kifuniko chenye mpira wa tairi na kidude cha kupumulia alichokitoa kwenye sufuria ya presha. Chini akachomelea koki. Ikawa chombo cha kuchachushia pombe ya nyumbani, isiyouzwa, ya kunywewa na watu wanaojuana mpaka soksi.

Watu hao walikuwa nyumba tano, na kegi ilikwenda kwa zamu, wiki tatu kila nyumba. Ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti, mama aliyestaafu ukarani wa mahakama. Ya pili ya Fundi Cheche. Ya tatu ya Mwalimu wa hesabu, ya nne ya Kinyozi. Ya tano ilikuwa wazi tangu Mpiga Picha alipofutwa kwa kuhifadhia humo mafuta ya taa, siku mbili tu, kama alivyojitetea. Sasa nafasi hiyo alikuwa amepewa mtoto wa Mwenyekiti, fundi wa friji, na mke wake mpya ambaye mtaa mzima ulimwita Sista kwa sababu ya kazi yake hospitalini.

Na ndani ya kegi alikaa Ajuza.

Ajuza hakuwa mtu. Alikuwa chachu, yale mashapo laini ya rangi ya chai ya maziwa yanayobaki chini pombe ikiisha. Sheria ya chama ilikuwa kwamba hamwagwi; hata Mpiga Picha na mafuta yake ya taa alimhamishia kwanza kwenye ndoo. Unachemsha kimea chako kwenye sufuria, unapoza, unamimina juu yake, na kesho yake asubuhi anaanza kutoa mapovu. Miaka tisa alikuwa anahama nyumba hadi nyumba, na walimsema kama mtu wa ukoo. Kinyozi alimwamkia shikamoo kila alipofungua kifuniko. Pombe yake ilikuwa na ukali fulani unaokuja mwishoni, nyuma ya ulimi, unaomfanya mgeni akunje uso, na hapo Mwenyekiti alikuwa akitabasamu na kusema, "Hiyo ndiyo damu yake. Hainunuliwi dukani."

Sista alifanya kazi kwenye chumba cha kusafishia vifaa vya upasuaji. Miaka minane hakuna mkasi uliopita mikononi mwake ukiwa na doa. Kegi ilipofikishwa kwake Jumatatu mchana, alimulika tochi ndani, akaona tope chini, akanusa, akatikisa kichwa. "Kumbe watu wanaringa hivi na vyombo hawaoshi," akasema peke yake. Akavaa glavu. Akaweka soda kali, akasugua kwa burashi ya mpini mrefu, akasuuza kwa maji ya moto mara nne, akaipindua juani ikauke.

Mumewe alirudi saa tisa na mkoba wake wa spana. Alipoona kegi imepinduliwa juu ya matofali, mkoba ukamponyoka.

"Umeiosha?"

"Si unaona."

"Yote?"

"Kuna nusu ya kuosha?"

Akakaa kwenye ngazi. "Mama aliniambia nikwambie kitu."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, nilikuwa nakuja nacho." Akajifuta uso kwa kofia. "Alisema usiguse chini."

Sista akavua glavu moja, halafu ya pili, polepole. "Lile tope."

"Ndiye."

Wakaenda wote wawili mpaka kwenye mtaro ulio nyuma ya bafu, wakasimama wakiangalia chini kama wafiwa waliochelewa maziko. Maji ya sabuni yalikuwa yanakwenda zake taratibu.

"Tumwambie mama," mume akasema. "Atanuna mwaka mmoja hivi, basi yataisha."

"Na zamu yetu?"

"Zamu ndiyo basi tena. Unajua mambo ya Mpiga Picha. Mpaka leo wakimpita wanakumbushana harufu ya mafuta ya taa."

Hapo ndipo Sista aliposhika kiuno. Yeye alikuwa mtoto wa pekee wa mlinzi wa ghala. Nyumba waliyokaa ilikuwa na viti viwili, na cha tatu hakikuwahi kuhitajika. Alipoolewa akakuta mtaa ambao Jumamosi ya kufungua koki watu wanajaa mpaka wanakalia ndoo, wanasemana, wanatetana, wanacheka mpaka jirani asiyealikwa anakuja kuomba chumvi ili tu asikie. Miezi kumi alikuwa amekaa pembeni akiitwa mgeni wetu. Zamu hii ya kwanza ilikuwa mlango. Ukifungwa, haufunguliwi tena.

"Hatumwambii," akasema.

"Mimi siwezi kumdanganya mama."

"Hujaombwa kudanganya. Umeombwa kunyamaza."

"Hapo ndipo pagumu," mume akakiri.

Kesho yake Sista alitoka kazini akapitia kwa Mama Mikate. Kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la viatu, joto la kukausha machozi, trei zimepangwa mpaka darini, na yeye mwenyewe katikati, mwanamke mpana mwenye unga mpaka kwenye kope. Hakuna habari iliyopita mtaani bila kwanza kununua mkate pale.

"Wa tano huyu," Mama Mikate akasema mlango ulipofunguka, halafu akajifanya anakohoa.

"Shikamoo, mama. Naomba chachu hai, siyo ya pakiti. Kuna keki tunapika hospitali."

"Keki ya lita ngapi?"

Sista akaanza kuhesabu trei za darini.

"Kaa hapo kwenye gunia, mwanangu. Umemchemsha au umemwosha?"

"Nimemwosha."

"Na nini?"

"Soda kali."

Mama Mikate akafumba macho kama mtu aliyesikia kisa cha kutia huruma na chenye raha ndani yake. "Angalau alikufa msafi. Sasa sikiliza, mimi sitaji majina ya watu. Sina tabia hiyo." Akavuta kiti karibu. "Lakini kuna mmoja alikuja hapa miwani ya kuchomelea iko bado kwenye paji la uso. Aliona koki inavuja, akaichomelea tena na Ajuza akiwa ndani. Bibi wa watu akaiva kama yai. Mwingine alikuja na taulo begani, nywele za watu zimemjaa kwenye mikono. Yeye alimpulizia ile dawa ya bluu ya kuua vijidudu kwenye mashine za kunyolea. Eti anamkinga na maradhi."

"Na yule anayemwamkia shikamoo?"

"Ndiye huyo huyo. Siku hizi anamwamkia kwa sababu anaogopa. Wa tatu alikuja na chaki. Alipiga hesabu kwamba kama kilo mbili za sukari zinatoa nguvu kiasi hiki, basi kumi na mbili zitatoa mara sita. Ajuza akazama kwenye sharubati akafa kwa utamu. Alinionyesha karatasi nzima kwamba hesabu haikuwa na kosa, kosa ni la Ajuza."

Sista alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Akajifuta macho, akahesabu kwa vidole. "Hao watatu. Mimi umeniita wa tano."

"Nilikuita?"

"Nilipofungua mlango."

Mama Mikate akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. "Huyo mwingine ndiye aliyekuja wa kwanza, kegi haijamaliza hata mwaka. Kumweleza siwezi. Ni mtu ambaye akikohoa tu, hata mimi nasimama wima kama nimeitwa mbele ya hakimu."

Nyumba zilikuwa tano, na moja tu ndiyo ilikuwa haijatajwa. Sista alihisi gunia likimzamisha. Miaka tisa ya ukoo, damu isiyonunuliwa dukani, na Ajuza mwenyewe alikuwa amezaliwa na kufa na kuzaliwa tena kwenye beseni hili la plastiki, jirani na maandazi.

"Chukua," Mama Mikate akasema, akimjazia mtungi wa kioo unga uliochachuka, ukivimba kama unataka kuongea. "Ukipata pombe, jagi la kwanza langu. Nitalifuata mwenyewe. Cha kuletewa hupungua njiani."

Sista aliipika pombe ile kama mtu anayeandaa chumba cha upasuaji. Alipima joto kwa kipimajoto, asubuhi na jioni. Hakuna mkono uliogusa kegi bila kuoshwa mpaka kwenye kiwiko. Mapovu yalipoanza kutoka kwenye kidude cha presha, mumewe alikaa mbele yake na kikombe cha chai akisikiliza, kama watu wanavyosikiliza mpira redioni. Wiki ya tatu Ijumaa, wakafungua koki kidogo wakaonja.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilishuka safi, na uchungu wa kupendeza, na kimea kikibaki kwenye ulimi kama neno jema. Mwishoni hapakuwa na kitu. Ule ukali wa nyuma ya ulimi haukuwepo.

"Tumekwisha," mume akasema. "Mama atajua kabla hajameza."

Sista alionja tena, akaelewa. Ule ukali haukuwa damu ya mtu. Ulikuwa uchafu wa miaka tisa.

"Tutie siki," mume akanong'ona. "Kijiko kimoja tu, hakuna atakayejua."

"Sijawahi kutoa chombo kichafu ili daktari asishangae," Sista akasema. "Sianzi leo."

Jumamosi saa kumi nyumba ilijaa. Kinyozi alifunga duka mapema. Fundi Cheche alikuja na mke na benchi lake mwenyewe. Mwalimu alichukua kiti cha kona ambapo mtu huona kila mtu. Mwenyekiti aliingia wa mwisho, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama muhuri, akapewa glasi ya kwanza kama sheria inavyotaka. Akainua kwenye mwanga, akanusa, akanywa. Chumba kikasubiri akunje uso.

Hakukunja. Akaweka glasi chini.

"Huyu si Ajuza."

Mume wa Sista akavuta pumzi ya kuanza kusema. Sista akamjazia glasi. "Kunywa, mume wangu, utakauka."

"Nani alimwona mara ya mwisho?" Mwenyekiti akauliza kwa ile sauti iliyowahi kuwasimamisha mawakili.

Wote wakamgeukia Kinyozi. Kinyozi akanywa haraka, akaangalia glasi, na hapo Sista akaona jambo ambalo hakulitarajia. Yule mtu alikuwa anaogopa kuliko yeye.

"Mama, mimi nilimkabidhi mzima," akasema. "Mzima wa afya. Na huyu ndiye, naapa. Nimemwamkia miaka yote hii, nitashindwa kumjua?"

"Mimi namjua kwa harufu," Fundi Cheche akadakia kabla hajaulizwa. "Ni yeye kabisa. Kaoga tu."

"Kaoga?" Mwenyekiti akasema.

"Kwa maana ya kupendeza, mama."

"Kitaalamu," Mwalimu akasema kutoka kwenye kona yake, "uwezekano wa kuwa si yeye ni mdogo mno. Naweza kuuandika."

"Usiuandike," Fundi akamwambia.

Mume wa Sista akavuta pumzi tena. Sista akajaza tena. Mara ya tatu alikuwa amesahau alichotaka kusema, akabaki anatabasamu kwa ukuta.

"Naona mashahidi wangu wana haraka," Mwenyekiti akasema. "Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Mtu anayeapa kabla hajaombwa kiapo, huwa namwandikia alama pembeni." Akamgeukia Sista. Macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya kazi. "Mkwe wangu, nakuuliza wewe. Zamu ya kwanza ya nyumba mpya ni ya majaribio, sheria unaijua. Huyu ni Ajuza au siye?"

Kegi ikasikika ikipumua. Sista alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka ni nini, na mlangoni mtu akabisha.

"Hodi hapa. Nimefuata jagi langu."

Mama Mikate aliziba mlango mzima, jagi la aluminiamu mkononi, unga bado kwenye nyusi. Kilichofuata Sista alikisimulia miaka mingi baadaye na hakuna aliyemwamini. Kinyozi aliinuka akampisha kiti chake, halafu akabaki amesimama bila mahali pa kwenda. Fundi Cheche alianza kusifia mikate ya wiki iliyopita, mmoja mmoja. Mwalimu alifungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi. Na Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuonekana akishughulika na mavazi yake mbele za watu, alipeleka mkono kichwani akakaza kitambaa.

"Jagi gani?" akauliza.

"Nilimwalika mimi, mama," Sista akasema, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu. "Huyu maisha yake yote yuko na chachu. Nikaona kwa kuwa mimi ni mgeni, pakitokea shaka, kuwe na mtu anayejua. Nimmiminie aonje, halafu tumwulize anachojua?"

"Anachojua kuhusu nini?" Fundi akauliza.

"Kuhusu Ajuza."

"Mimi kuonja naonja," Mama Mikate akasema, ameshakaa. "Kusema, mpaka niulizwe. Nikiulizwa sifichi, ndivyo nilivyolelewa."

"Shahidi mmoja hatoshi," Mwalimu akasema upesi. "Kitakwimu."

"Ametoka kazini, mwacheni apumzike," Kinyozi akaomba.

Mwenyekiti alimtazama Mama Mikate, Mama Mikate akamtazama, na kati yao kukapita jambo la miaka minane ambalo halikuhitaji mkalimani. Kisha akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, toka kwenye viatu mpaka kwenye nywele, kama mtu anayesoma faili ambalo alidhani ni jembamba.

Akachukua glasi yake, akanywa yote.

"Hakuna haja ya kumsumbua shahidi," akasema. "Chama kimesikia. Ajuza amerudi ujanani. Inatokea, kwa wanaotunzwa vizuri. Nyumba ya tano imepita, zamu yao ni ya kudumu. Mimina, mwanangu, watu wasije wakasema tumewaita kwenye kikao."

Kelele zilizozuka hapo zilimleta yule jirani wa chumvi, na safari hii akapewa na ndoo ya kukalia. Mume wa Sista alimkumbatia Kinyozi bila sababu. Fundi alisema hajawahi kunywa Ajuza mzuri kama huyu, Mwalimu akasema naye hajawahi, wakatazamana, wakaacha kusema.

Baada ya saa moja hivi Sista alikuwa jikoni anasuuza glasi Mwenyekiti alipoingia, akausogeza mlango kwa kisigino, akachukua taulo na kuanza kukausha.

"Ulimwosha na nini?" akauliza.

"Soda kali, mama. Na maji ya moto mara nne."

"Mara nne." Akakausha glasi nzima kabla ya kuendelea. "Mimi ilikuwa sabuni ya kufulia, mara moja. Niliona tope, nikasema tope ni tope."

"Ndivyo nilivyosema na mimi."

"Mwanangu anajua?"

"Anajua langu tu."

"La kwangu asilijue. Nampenda, nimemzaa, lakini hana kifua. Baba yake alikuwa vilevile, ukimwambia siri anakwenda kumwuliza mtu mwingine kama ni kweli." Akachukua glasi nyingine. Kisha mkono wake ukasimama. "Lakini wale watatu. Kwa nini wameapa mbio namna ile, na wao hawana kosa?"

Sista akaendelea kusugua glasi ambayo ilikuwa imekwisha kung'aa zamani.

Mwenyekiti alimtazama. Akatazama mlango, ambao nje yake Fundi alikuwa anamwapia mtu jambo jipya kwa sauti. Akakunja kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Kicheko kilimwanzia mabegani, kikashuka tumboni, akalazimika kushika ukingo wa sinki na kujiziba mdomo kwa taulo, machozi yanamtoka, karani wa mahakama wa miaka thelathini na moja. Sista naye akashindwa. Wakacheka wameegemeana, bila sauti, kama wezi.

Sebuleni wakaanza kugonga glasi mezani wakiita jagi jingine.

"Wapelekee," Mwenyekiti akasema alipopata pumzi, akimfuta mkwe wake shavu kwa pembe ya taulo. "Na ulijaze mpaka juu. Mtu akishakula kiapo cha uongo koo humkauka."